Perisaiti: fundi wa mishipa ya ubongo aliyesahaulika

Wasomaji wangu, leo naweka kando mambo ya kodi na seva. Nataka tuongee kuhusu seli moja ndogo iliyoonekana kwenye hadubini zaidi ya miaka 150 iliyopita, ikapewa jina mwaka 1923, halafu ikawekwa pembeni kwa muda mrefu kama faili ambalo hakuna anayelifungua. Wanasayansi wanaiita perisaiti, na mimi nitaiita hivyo hivyo, kama tulivyofanya na kompyuta (wale wa tarakilishi mnisamehe).

Niseme mapema kwa nini jambo hili linamhusu mtu wa Bungoma au Kitale. Huku kwetu mtoto akishikwa na malaria, halafu akaanza degedege na kupoteza fahamu, watu husema malaria imempanda kichwani. Akitibiwa akaamka, tunamshukuru Mungu na kusema amepona. Lakini historia ya perisaiti inaonyesha kwamba kati ya kuamka na kupona kuna kazi nyingine inayofanyika ndani ya mishipa ya ubongo, kazi ya ukarabati, na kazi hiyo haimaliziki sawasawa kwa kila mtoto.

Tuanze na bomba lenyewe. Mishipa ya damu inagawanyika na kugawanyika mpaka inakuwa myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu zinapita moja moja, kama watu wanaovuka mto juu ya gogo. Mishipa hiyo midogo kabisa ndiyo kapilari. Ukuta wake kwa ndani una tabaka moja tu la seli. Kwa nje, hapa na pale, utakuta seli imelala juu ya bomba na kulikumbatia kwa mikono mirefu. Hiyo ndiyo perisaiti. Viungo vingine pia vinazo, lakini ubongo na retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) vinazo nyingi kuliko sehemu nyingine za mwili. Kumbukeni hiyo retina, tutairudia.

Carl Eberth aliziandika mwaka 1871. Miaka miwili baadaye Mfaransa Charles Rouget akazieleza kwa undani zaidi, akasema kwamba huenda zinajikaza na kuubana mshipa. Kwa muda mrefu watu waliziita seli za Rouget. Mwaka 1923 Karl Wilhelm Zimmermann akazipa jina la perisaiti, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya seli inayozunguka. Miaka mitatu kabla ya hapo August Krogh wa Denmark alikuwa amepata tuzo ya Nobel kwa kazi yake kuhusu jinsi kapilari zinavyofunguka na kufungwa, kwa hiyo ungetegemea seli ya Rouget ipate umaarufu papo hapo. Haikupata. Wengine walitazama wakaona inajikaza, wengine walitazama kwa makini vile vile wasione kitu, na ubishi ukachosha watu.

Nadhani tatizo kubwa lilikuwa vifaa. Kipande cha nyama kilichokatwa, kikatiwa rangi na kuwekwa chini ya kioo kinakuonyesha umbo, hakikuonyeshi kazi. Ni kama kusoma kodi ya programu iliyochapishwa kwenye karatasi bila kuiendesha hata mara moja. Utajua kuna fankisheni inayoitwa hivi, lakini inaitwa lini na ikikosekana nini kinaanguka, hilo karatasi haisemi.

Jibu la kwanza la maana kuhusu kinachotokea perisaiti ikikosekana lilitoka kwenye macho ya wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1961, huko Boston, David Cogan na wenzake walitumia kimeng'enya kuyeyusha nyama yote ya retina mpaka ukabaki wavu wa mishipa peke yake, kama jani lililooza likabaki na mishipa yake. Kwenye macho ya wagonjwa wa kisukari waliona mahali perisaiti zilipokuwa zimekaa pakiwa patupu, na mishipa iliyobaki bila walinzi ikiwa imevimba vimba. Tangu hapo daktari wa macho alikuwa na sababu ya kuijua seli hii. Daktari wa ubongo alisubiri sana.

Kwa upande wa ubongo hadithi ilianza na rangi. Mwaka 1885 Paul Ehrlich aliwadunga wanyama rangi kwenye damu, viungo vyao vikapakwa, ubongo ukabaki mweupe. Mwanafunzi wake Edwin Goldmann akafanya kinyume, akaweka rangi kwenye maji yanayozunguka ubongo (hii aliichapisha mwaka 1913), ubongo ukapakwa na mwili ukabaki bila rangi. Maana yake ni kwamba kati ya damu na ubongo kuna kizuizi. Sisi tungeiita faiwoli. Kwa karibu karne nzima sifa ya kizuizi hicho ilipewa seli za ndani ya mshipa, na kwa haki, kwa sababu ndizo zinazoshikana bega kwa bega bila kuacha upenyo. Halafu mwaka 2010 vikundi viwili, kimoja cha Stockholm na kingine cha Marekani, vikachapisha katika jarida la Nature matokeo yanayofanana: panya wenye perisaiti chache wana mishipa ya ubongo inayovuja. Ukuta ulikuwepo lakini aliyekuwa akiusimamia hayupo.

Hapo mambo yakaanza kwenda mbio. Tayari mwaka 2009 kikundi cha Ankara, Uturuki, kilikuwa kimewafanyia panya kiharusi cha kutengenezwa kwa kuziba mshipa mkubwa na kisha kuufungua. Mshipa mkubwa ulifunguka vizuri, lakini kapilari nyingi zilibaki zimebanwa na perisaiti zilizokuwa zimejikaza. Mwaka 2014 kikundi cha David Attwell, London, kikaonyesha kwamba seli hizo zikikosa damu hujikaza halafu hufa zikiwa zimejikaza, kama mtu aliyekufa ameshika kamba. Rouget alikuwa na haki, ila ilimchukua miaka zaidi ya 130 kuthibitishiwa.

Mpaka hapa tumeona zinavyoharibika. Zinakarabati vipi? Kuna picha moja ninayoipenda sana kutoka Marekani, mwaka 2018, kikundi cha Andy Shih. Walitumia mwanga wa leza kuua perisaiti moja tu ndani ya ubongo wa panya aliye hai, wakakaa wanatazama kwa siku kadhaa. Kapilari iliyoachwa uchi ikapanuka. Kisha perisaiti za jirani zikaanza kurefusha mikono yao, polepole, mpaka zikafunika sehemu iliyoachwa wazi, na mshipa ukarudi kwenye upana wake. Hakuna aliyeletwa kutoka nje. Majirani waligawana shamba la marehemu. Wale mnaoendesha seva kadhaa kwa pamoja mnaelewa: moja ikianguka, zilizobaki zinabeba mzigo, mradi zisianguke nyingi kwa mpigo.

Jeraha likiwa kubwa, hadithi inabadilika. Mwaka 2011 Christian Göritz, Jonas Frisén na wenzao wa Karolinska walichapisha kazi kuhusu uti wa mgongo uliojeruhiwa. Walifuatilia aina moja ya perisaiti wakaona inaacha mshipa, inazaana na kujaza jeraha kwa kovu. Walipozizuia zisizaane, majeraha mengine yalishindwa kufunga kabisa. Kumbe kovu lina kazi! Lakini mwaka 2018 kikundi hicho hicho kikaonyesha upande wa pili: wakipunguza kovu hilo kwa kiasi, bila kulifuta, nyuzi za neva zilipata njia ya kukua tena na panya wakarudisha sehemu ya uwezo wao wa kutembea. Fundi yule yule anayeziba paa linalovuja ndiye anayefunga mlango watu wasipite.

Si wote wanaokubali majina. Mwaka 2008 kazi moja ilitangaza kwamba perisaiti ni seli mama zinazoweza kugeuka misuli, mfupa au mafuta, na watu wakaanza kuota tiba za kila kitu. Mwaka 2017 kazi nyingine ikazifuatilia ndani ya panya hai na kukuta hazifanyi hivyo, zinabaki perisaiti. Wengine wanasema hata zile za kovu la Karolinska ni seli za jamii nyingine zinazokaa jirani na mshipa. Mimi si mwanabiolojia, lakini nikisoma ubishi huu naegemea upande wa wanaotazama mnyama akiwa hai. Seli iliyotolewa na kuwekwa kwenye sahani ya maabara hufanya mambo ambayo nyumbani kwake haikuwa inafanya.

Sasa tuje nyumbani. Bungoma iko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kitale kwenye mita kama 1,900. Kati yao ni safari ya matatu kupitia Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini. Mita 500 hizo zinabadilisha kila kitu kwa malaria, kwa sababu kimelea kikiwa ndani ya mbu kinahitaji joto ili kikomae. Serikali inaihesabu Bungoma katika ukanda wa ziwa, ambako malaria ipo mwaka mzima, na Trans Nzoia katika nyanda za juu ambako huja kwa milipuko. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mahali watu na mizigo vinapopita, kimelea nacho hupata nauli. Daktari Mwingereza P. C. C. Garnham, aliyefanya kazi Kenya kwa zaidi ya miaka 20, aliandika mwaka 1945 kuhusu milipuko ya malaria kwenye sehemu za juu sana za nchi hii. Mtoto wa Bungoma akiugua mara kwa mara na kunusurika, anapata kinga kiasi. Aliyekulia juu hana kinga hiyo, na mlipuko ukija hata mtu mzima huzidiwa.

Kwenye ubongo, wa kwanza kueleza vizuri walikuwa Waitaliano Marchiafava na Bignami katika miaka ya 1890. Walipopasua maiti za waliokufa kwa malaria kali walikuta kapilari za ubongo zimejaa chembe nyekundu zenye vimelea. Kimelea hicho huifanya chembe nyekundu inate kwenye ukuta wa mshipa ili isipelekwe kwenye bandama ikaharibiwe. Ajabu ni kwamba kimelea chenyewe hakitoki kwenye mshipa kuingia kwenye nyama ya ubongo. Adui amesimama nje ya ukuta na walio ndani wanaanguka.

Kwa muda mrefu maelezo yalikuwa mepesi: bomba limeziba, hewa haifiki. Lakini kama ni kuziba tu, wanaoamka wangekuwa kama watu wa kiharusi, kila mmoja na sehemu ya ubongo iliyokufa. Watoto wengi huamka baada ya siku moja au mbili wakaomba uji. Kwa hiyo kuna kitu kinachoharibika na kinachoweza kutengenezeka.

Kenya imechangia sana katika swali hili, na si Bungoma bali Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome walianzisha kituo mwaka 1989. Huko Charles Newton na wenzake walipima shinikizo ndani ya fuvu la watoto waliopoteza fahamu na kuonyesha kwamba linapanda. Huko huko ndiko lilikotoka somo moja chungu. Degedege huharibu ubongo, kwa hiyo ilionekana busara kuizuia mapema kwa dawa ya phenobarbital. Jaribio la watoto 340, lililochapishwa mwaka 2000, lilionyesha kwamba degedege ilipungua kweli, lakini kundi lililopewa dawa lilipoteza watoto 30 na lile lingine 14. Dawa ilizima degedege na kwa baadhi yao ikazima pumzi. Kampala nao walijaribu mannitol, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, wakachapisha mwaka 2007 kwamba haikusaidia.

Kilichosaidia ni kuua kimelea haraka zaidi. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Kongo. Waliopewa artesunati walikufa asilimia 8.5, waliopewa kwinini asilimia 10.9. Ndiyo sababu kwinini ya drip mliyoizoea zamani imeachia artesunati nafasi ya kwanza. Lakini tazameni sehemu ambayo haisimuliwi sana: kwa idadi ya walionusurika wakiwa na madhara ya ubongo siku 28 baadaye, dawa hizo mbili hazikutofautiana kwa kiwango cha kuhesabika. Artesunati inamfukuza mvamizi. Ukuta haiugusi.

Madhara hayo ni makubwa kiasi gani? Watafiti wa Kilifi waliwapima watoto waliokuwa wamewahi kulazwa kwa malaria ya ubongo, wakachapisha mwaka 2005. Karibu robo yao, asilimia 24, walikuwa na upungufu katika angalau jambo moja, iwe lugha, kumbukumbu, umakini, mwendo, kifafa au tabia. Kwa watoto ambao hawakuwahi kuugua hivyo, ilikuwa asilimia 10. Hawa ni watoto waliokuwa wameruhusiwa kwenda nyumbani.

Hapa nitaje kazi yangu kidogo. Niliwahi kuandika programu ya rejista ya wodi kwa hospitali moja upande wa Bungoma. Karatasi niliyopewa ilikuwa na majibu manne ya mwisho wa safari ya mgonjwa: ameruhusiwa, amefariki, amehamishwa, ametoroka. Kwa programu hayo ni machaguo manne kwenye orodha, kazi ya dakika tano. Mtoto wa darasa la pili ambaye mwalimu anamwita mzito, au anayeanguka kifafa miaka mitatu baada ya kulazwa, kwenye hifadhidata yuko chini ya "ameruhusiwa" sawa na yule aliyekuwa na homa ya siku moja. Hakuna uzi unaomuunganisha na wodi ile. Muuguzi aliyenielekeza aliniambia anawatambua wengine sokoni, lakini soko si rejista.

Kutoka Blantyre, Malawi, ndiko ulikotoka ushahidi kuhusu ukuta wenyewe. Mwaka 2015 Terrie Taylor na wenzake walichapisha picha za MRI za watoto 168 wenye malaria ya ubongo. Waliokufa walikuwa 25, na 21 kati yao ubongo ulikuwa umevimba vibaya. Walionusurika, 39 kati ya 143 walikuwa na uvimbe kama huo, na kwa wale waliopigwa picha tena uvimbe ulishuka upesi. Yaani ukuta uliovuja uliacha kuvuja, mtu akiwa kitandani, bila dawa yoyote ya kuukarabati.

Na sasa turudi kwenye retina. Ubongo wa mtoto aliye hai huwezi kuufungua, lakini retina ina mishipa ya jamii ile ile na unaweza kuitazama kwa tochi ya daktari wa macho. Madaktari wa Malawi walikuwa wamegundua miaka mingi nyuma kwamba malaria ya ubongo huacha alama kwenye jicho: retina hupauka na mishipa hubadilika rangi kuwa ya machungwa. Mwaka 2018 ikachapishwa kazi iliyounganisha uchunguzi wa macho ya watoto 817 na vipimo vya maabara vya macho ya watoto 29 waliofariki. Mishipa ya rangi ya machungwa ilikuwa imejaa chembe zenye vimelea zilizonata ukuta mzima pande zote, na mahali hapo perisaiti zilikuwa zimeharibika au zimetoweka. Cogan aliona pengo hilo kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1961. Miaka 57 baadaye likaonekana kwa mtoto wa malaria.

Kuna dalili nyingine, ya kwenye damu. Perisaiti hutoa protini inayoitwa Ang-1, ambayo ni kama ujumbe unaotumwa kila mara kwa seli za ndani ukisema tulieni, shikaneni. Mwaka 2009 watafiti walipima damu ya watoto wa Uganda na kukuta kwamba wenye malaria ya ubongo wana Ang-1 kidogo kuliko wenye malaria ya kawaida. Kisha mwaka 2024 kikundi cha Maria Bernabeu, Barcelona, kikajenga mishipa midogo ya ubongo ya bandia yenye perisaiti ndani yake, wakaimwagia mabaki yanayotoka chembe nyekundu inapopasuka na kuachia vimelea. Perisaiti zikapunguza kutoa Ang-1 na ukuta ukaanza kuvuja. Walipotanguliza Ang-1 kabla ya mabaki hayo, madhara yalipungua kiasi.

Tatizo liko kwenye neno hilo "kabla". Maabara unapanga nani atangulie. Mtoto anayeletwa wodini usiku kwa bodaboda, vimelea vimeshatangulia siku kadhaa. Kinachoweza kutangulia kwa sasa ni chandarua na chanjo. Kenya ilianza kutoa chanjo ya RTS,S mwezi Septemba 2019 kwa majaribio katika sehemu za kaunti nane za magharibi, kwa dozi nne: miezi 6, 7, 9 na 24. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha itumike kwa upana mwezi Oktoba 2021. Bungoma ilikuwa kwenye orodha hiyo ya kaunti nane. Trans Nzoia, yenye watoto wasio na kinga, haikuwemo.